Zamu ya Mlezi, Kutoka Unguja Hadi Izki

Katika kitabu chetu hiki tumekwisha kusoma habari za mashamba, majahazi na ndoa za wazee wetu. Vijana wetu wenye ulemavu hatujawaandikia, nani aliwalea na wapi.

Unguja kabla ya 1964 ilikuwapo nyumba ya masikini ya Welezo, iliyokuwa mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki. Jamaa zetu wenye asili ya Izki waliona aibu hata kuitaja. Kijana asiyejiweza alikaa chumba cha uani, mama akamlisha na kumwogesha. Mama akichoka, shangazi huja akakaa mwezi mzima, au kijana hupelekwa shamba kwa mjomba. Hilo ndilo lililokuwa pumziko la mlezi, ingawa halikuwa na jina. Wala tusilisifu kupita kiasi: wako waliofichwa humo uani wageni wasiwaone.

Mapinduzi yalivunja mpango huo. Watu walitawanyika Mombasa, Dubai, Uingereza. Tuliporejea Oman baada ya 1970, mmoja alipata kazi Maskati, mwingine akabaki Izki, wa tatu Nizwa. Shangazi wa siku hizi yuko ofisini.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya 1984 iliwapa posho wasioweza kufanya kazi; vituo vya Al Wafa, vilivyoanza kwa akina mama wa kujitolea, hufundisha watoto; ikaja sheria ya walemavu ya 2008, na tangu 2024 posho ya ulemavu ni riali 130 kwa mwezi. Lakini mtoto hukua. Akiwa na miaka 30 na mama 65, riali hazimgeuzi kitandani usiku.

Falaj al-Malki ya Izki, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006, hugawa maji kwa zamu. Kipimo chake, athar, ni kama nusu saa. Katika mifalaji ya Oman zipo hisa za maji zilizowekwa wakfu. Basi na tuweke wakfu nyumba moja: vyumba vinne, walezi wa mshahara, kijana akae wiki mbili mama apate usingizi, na aliyefiwa na wazazi akae moja kwa moja. Jamaa walioko Uingereza wanazijua nyumba za namna hiyo. Izki nyumba zilizofungwa hazikosi. Mbili ni za ukoo wetu, na ufunguo wa moja ninao mimi.