Zombi Wanaoongea Kiswahili

Leo sipangi gemu kumi bora wala simtukani mtu kwenye komenti. Leo ni historia kidogo. Lakini tulia, ni historia ya gemu, na iko na zombi.

Mara ya kwanza mimi kusikia Kiswahili ndani ya gemu, aliyekuwa anakiongea alikuwa anakuja kunikata na shoka.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Kwa wale hamjui, Mogogosiek iko Konoin, kaunti ya Bomet. Ni majani chai mbele, nyuma na kando, na mvua ya saa tisa haikosi. Nyuma ya duka moja kulikuwa na chumba kidogo chenye PS3 moja na pedi mbili, moja kitufe chake kimekwama. Ulikuwa unalipa bob kumi, unacheza FIFA, ukifungwa unatoka. Siku hiyo mvua ilinyesha, wateja wakawa wachache, na jamaa wa hapo akaweka Resident Evil 5. Nikapewa pedi ile mbovu.

Basi tuko kwa kijiji, jua kali, mabati, watu wanatutazama vibaya. Ghafla wanaanza kutukimbiza wakipiga kelele. Nikasimama. Mwenzangu ananiambia piga, piga, unangoja nini? Mimi nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimeelewa walichosema. Katika gemu zote nilizowahi kucheza, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwelewa adui bila kusoma maandishi ya chini.

Nilikufa, of course. Lakini swali lilibaki: hawa walitoa wapi Kiswahili?

Jibu nimelitafuta kwa miaka kadhaa, na ndilo hili.

Resident Evil 5 ilitoka Machi 2009. Iliundwa na Capcom, kampuni ya Japani. Hadithi yake iko Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi. Soma tena hapo: Magharibi. Huko kuna Kihausa, Kiyoruba, Kiwolofu, Kiigbo na lugha zingine kibao. Kiswahili si lugha ya nyumbani ya huko. Ni kama utunge hadithi ya kijiji cha Ureno halafu wanakijiji wote waongee Kirusi. Hata jina lenyewe, ukilitazama, ni neno "juju" limevalishwa "ki-" ya kwetu.

Maadui wanaitwa Majini. Hilo tunalijua, ni wingi wa jini. Halafu kuna kidudu chenye mabawa kinachochomoka kwa mwili wa adui, kinaitwa Kipepeo. Kuna kingine kinachorukia uso wako, Bui Kichwa. Kuna bosi mkubwa kama popo, anaitwa Popokarimu. Popo mkarimu! Mimi kila nikipambana naye nafikiria atanikaribisha chai. Kuna mwingine anaitwa Uroboros Mkono. Inaonekana mtu aliketi na kamusi, akachukua maneno yanayosikika vizuri, akaenda nayo.

Kelele kuhusu hii gemu zilianza kabla haijatoka. Trela ya 2007 ilimwonyesha Chris Redfield, mzungu mwenye misuli, akiwapiga risasi wanakijiji weusi, na watu wengi Marekani na kwingine wakauliza kama Capcom wameelewa picha wanayoonyesha. Baadaye tukaletewa Sheva Alomar, Mwafrika, awe mwenzake Chris.

Sasa hapa ndipo nina maoni yangu, na sijaona yakisemwa sana. Sheva ni Mwafrika, na anaongea Kiingereza. Josh, nahodha anayewasaidia, pia Mwafrika, pia Kiingereza. Yaani ukiwa rafiki unaongea lugha ya mchezaji. Kiswahili kimeachiwa wale wa kupigwa risasi. Kazi yake mle ndani ni kelele. Kwa mchezaji wa Osaka au Ohio haina maana yoyote, inatisha kwa sababu haeleweki anayeongea. Kwa mtoto wa Mogogosiek mwenye pedi mbovu, ni lugha ya redio, ya mwalimu na ya makanga.

Nisikudanganye, gemu yenyewe ni tamu. Ukiwa na rafiki kwa skrini moja, mnagawana risasi na kulaumiana, hakuna kama hiyo. Kama gemu ya kutisha, hapana. Risasi ni nyingi sana, na hofu huisha ukijua una bunduki tano. Kitu kilichonitisha kweli mle ndani ni shajara ya kijana wa kijijini unayoiokota kule kwenye vinamasi. Anaeleza jinsi watu wa kampuni ya mafuta walivyokuja na chanjo, na jinsi wanaume wa kijiji walivyoanza kubadilika. Hiyo ndiyo nilirudia kusoma. Na hiyo nayo iko kwa Kiingereza.

Lakini Capcom hawakuwa wa kwanza kukitumia Kiswahili. Rudi 2005. Gemu ya Civilization IV, ile ya kujenga himaya, ilifunguka kwa wimbo uitwao Baba Yetu. Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, muziki wa Christopher Tin, Mmarekani, na waliorekodi ni kikundi cha waimbaji wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka wa 2011 wimbo huo ukapata Grammy, na ndio ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo hiyo. Kwaya za dunia nzima zinauimba.

Ni wimbo mzuri, mimi huupiga nikifanya usafi. Lakini angalia: 2005 Kiswahili ni sauti nzuri ya mbali, 2009 ni sauti mbaya ya mbali. Katika zote mbili hakuna mtu anayekaa chini na kuongea nayo. Hakuna anayesema "nimechoka" ama "mama yuko wapi".

Katikati hapo, 2008, kulikuwa na Far Cry 2. Hiyo ni action safi: bunduki zinakwama, moto unashika nyasi, wewe mwenyewe una malaria. Ikikushika unabonyeza kitufe, unameza tembe, unaendelea. Nchi ni ya Afrika na haina jina. Kabisa. Walitengeneza upepo, vumbi na kutu ya bunduki vizuri ajabu, lakini jina la nchi hawakuweka.

Hiyo malaria ya kitufe ndiyo ilinirudisha hapa nyumbani.

Mwaka wa 1934, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa ukoo wa Talai katika nchi ya Wakipsigis. Hawa ndio ukoo wa orkoiik, watu walioheshimiwa na kuogopwa kwa uaguzi, na wazungu waliwaona ni wachochezi. Watu wapatao 700, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto, mbung'o na malaria. Wakati huo huo milima hii ilikuwa inageuzwa mashamba makubwa ya chai. Huko Gwassi hakukuwa na kitufe cha kubonyeza.

Unanielewa nikisema gemu ya kutisha ya kwetu iko tayari? Kijana ametolewa kwa ukungu na baridi, akaachwa kwa joto, babu yake ni orkoiyot, na anataka kurudi nyumbani kwa miguu. Hiyo ni RPG ya saa arobaini. Na ukitaka dubwana, tunaye Chemosit. Kogo wangu alikuwa anatueleza: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. Ukiona taa moja inasogea kwa majani chai usiku, usiifuate. Mpaka leo nikiona boda imeharibika taa moja, moyo unaruka.

Waafrika wamejaribu, tena kitambo. Mwaka wa 2007, Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi, mwanamke mpelelezi anayetafuta vitu vya kale. Ukiiangalia leo michoro imezeeka, lakini kumbuka ni 2007, na ilitoka Kenya. Mwaka wa 2015, Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, mageni ya angani yamevamia Nairobi na wewe unayapiga. Haina hadithi nzito, ila kuona mji unaoujua ukipigwa na mageni ina raha yake, hasa ukishakwama jam ya Nairobi. Na 2016 Kiro'o Games wa Cameroon wakatoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, RPG ya mapigano ambapo mfalme Enzo anapinduliwa siku ya harusi yake, na yeye na mkewe Erine wanaanza safari. Maongezi ni marefu kuliko sala ya mzee kanisani, lakini mapigano ni moto, na mke hapo hajawekwa kama pambo.

Halafu ikaja Tales of Kenzera: Zau, tarehe 23 Aprili 2024.

Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye wazazi wake ni Wakenya. Unaweza kuwa unamjua kwa sauti: ndiye Bayek wa Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki, na gemu ikazaliwa kutoka huo msiba. Wewe ni Zau, mganga kijana. Unamwendea Kalunga, mungu wa mauti, mnapatana: nikuletee roho tatu kubwa, unirudishie Baba yangu. Na unaweza kuicheza yote kwa sauti ya Kiswahili.

Kama mchezaji, nina malalamiko. Ni fupi, maadui wanajirudia, na kuna mahali pa kuruka pale mwishoni palipofanya nitukane ukuta. Lakini kubadilisha kinyago cha jua na cha mwezi katikati ya vita ni kama kucheza ngoma. Na kabla hujaniambia: ndiyo, nayo imechanganya Afrika. Impundulu ni ndege wa radi wa kusini, GaGorib ni wa Wakhoikhoi, Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi. Kwa hivyo kuchanganya pekee sikuwezi kukuita kosa, la sivyo nitalazimika kuilaumu na hii. Tofauti ni kazi ambayo lugha imepewa. Kwa Kijuju, Kiswahili kinakimbiza. Kwa Kenzera, kinaomboleza, kinagombana, kinaomba msamaha.

Niliicheza kwa laptopu ya binamu yangu aliyekuja likizo. Tulikuwa jikoni kwa Kogo kwa sababu huko ndiko kuna joto. Kogo haelewi gemu. Miaka yote kwake ni "hizo bunduki zenu". Kipsigis ndiyo lugha yake, Kiswahili anakijua cha soko na cha kupima majani. Alikuwa anachochea moto, mgongo ametupa. Zau akawa anaongea kuhusu baba yake.

Kogo akageuka. Akauliza, "Huyu kijana analilia nani?"

Nikamwambia, "Baba yake, Kogo. Amekufa, anataka kumrudisha."

Akavuta kiti. Akaangalia skrini muda mrefu, nami nikaogopa hata kubonyeza. Kisha akasema, "Hawarudi. Lakini mwache aende, atajionea mwenyewe."

Wasee, hiyo ndiyo hadithi nzima ya gemu. Kogo aliimaliza kabla yangu, kwa sentensi mbili, bila kushika pedi.

Baada ya hapo akatueleza habari za Chemosit tena, na safari hii nilirekodi kwa simu. Sina studio, sina pesa, sijui kuandika programu zaidi ya vitu vidogo nilivyojifunza mtandaoni. Niko na dakika ishirini na mbili za sauti ya mwanamke mzee, na moto unalia nyuma.

Kwenu je, aliyekuwa anawatisha mkiwa wadogo alikuwa nani? Na aliyewaeleza bado yuko? Kama yuko, rekodi wiki hii. Usingoje likizo.