Hata Demosthenes alinyamaza mbele ya mufalme



Siku niliyotetea mémoire yangu ya licence, mwalimu mumoja wa jury aliniuliza swali jepesi kuliko yote: ni mududu gani anaeneza ugonjwa wa mozaiki ya mihogo? Mémoire nzima ilikuwa juu ya ugonjwa ule. Wale inzi weupe nilikuwa nimewahesabu kwa macho yangu, jani kwa jani, kwa miezi mine. Lakini siku ile mudomo ulikauka, magoti yakatetemeka, na jina likapotea kabisa. Nikaangalia mama yangu kwenye benchi ya mbele, amevaa liputa yake mupya. Yeye akaangalia chini. Nilipata satisfaction, na nilishukuru Mungu hata kwa ile.

Siandiki hii juu ya kuomba huruma. Naandika kwa sababu dada mumoja wa promotion iliyotufuata ameahirisha défense yake mara mbili. Kazi yake imekwisha, imechapwa, directeur ameikubali. Kinachomuzuia ni kusimama tu. Aliniambia: "Kaka, watu kama sisi hatukuzaliwa na mudomo." Lile neno likanikaa mu kichwa. Nikaanza kusoma historia ya watu waliosifiwa kwa kusema, nitafute ni nani kati yao alizaliwa na mudomo. Nilikuta kwamba wawili kati ya wale wenye sifa kubwa walianguka mbele ya watu vibaya kuliko mimi.

Wa kwanza ni Demosthenes. Alizaliwa ku Athene, mu Ugiriki, mwaka wa 384 mbele ya Kristo. Baba yake alikuwa mutu mwenye mali, lakini alikufa wakati mutoto alikuwa na miaka 7, na walezi wakakula ule urizi. Sasa, ku Athene ya wakati ule, mwenye kesi alipaswa kusimama yeye mwenyewe mbele ya waamuzi na kusema. Ungeweza kulipa mutu akuandikie maneno, lakini kinywa kilikuwa chako. Basi kijana huyo, akiwa na miaka karibu 20, alishtaki walezi wake. Alishinda, ijapokuwa sehemu kubwa ya mali hakuiona tena.

Kusema mbele ya baraza la raia wote lilikuwa jambo lingine. Plutarch, aliyeandika maisha yake miaka karibu 400 nyuma, anaeleza kwamba mara ya kwanza watu walimucheka. Sauti ilikuwa ndogo, pumzi fupi, sentensi ndefu zilizofungamana mupaka musikilizaji hajui anaelekea wapi. Siku moja walimukataa tena, akarudi ku nyumba amefunika kichwa. Satyrus, muchezaji wa tamthilia, akamufuata. Akamuomba aseme kipande cha tamthilia kwa kichwa. Demosthenes akasema. Kisha Satyrus akarudilia maneno yale yale, lakini kwa sauti na mikono inayofaa, na Demosthenes akayasikia kama maneno mengine kabisa. Akaelewa kwamba kujua maneno haitoshi.

Hapo njo alianza yale mazoezi ambayo yanasimuliwa mupaka leo. Alijichimbia chumba chini ya udongo cha kuzoezea sauti. Wakati mwingine alinyoa nusu ya kichwa, ili haya imuzuie kutoka inje, na alikaa mule miezi miwili ao mitatu. Alisema akiwa na mawe madogo mu kinywa. Alisema akipanda kilima, pumzi ikimuisha. Wengine wanasimulia kwamba alienda pembeni ya bahari na kushindana na makelele ya mawimbi, kwa sababu baraza la Athene lilikuwa na makelele sawa vile bahari.

Sisi watu wa kilimo tukisoma hii, tunatambua kitu. Muche ukiwa mu pépinière, tunaufunika na kivuli, tunaunyweshea asubuhi na jioni. Lakini juma chache mbele ya kuupanda, tunapunguza kivuli kidogo kidogo, tunapunguza maji, muche uzoee jua. Ule unaotoka kwenye kivuli na kuingia mu shamba siku ile ile, jua linauchoma. Demosthenes alitafuta makelele mbele makelele yamukute. Mimi mémoire yangu niliirudilia usiku, peke yangu, mulango umefungwa, hakuna mutu wa kuniuliza kitu. Nilikuwa muche wa kivulini, na jury ilikuwa jua la saa sita.

Tungesimama hapa, ingekuwa hadisi ya kawaida: fanya mazoezi, woga utaisha. Lakini haiko vile. Mwaka wa 346, Athene ilituma wajumbe 10 ku Pella, kwa Philip, mufalme wa Makedonia. Demosthenes alikuwa kati yao. Miaka mingi alikuwa amesema vikali dhidi ya huyo Philip mbele ya baraza, na sifa yake ilikuwa imeenea. Sababu alikuwa mudogo wao kwa umri, alipewa nafasi ya mwisho, na kila mutu alingojea maneno makubwa. Akaanza kwa sauti ya chini, akasema kidogo, akapoteza njia, akanyamaza. Mufalme mwenyewe akamuambia atulie, achukue wakati, akumbuke. Akajaribu tena. Akanyamaza mara ya pili. Wajumbe wakaombwa kutoka.

Aliyetusimulia hii ni Aeschines, mumoja wa wajumbe, ambaye alikuja kuwa adui yake mukubwa. Adui anaweza kuongeza pilipili, tulijue hilo. Hata hivyo, mimi naiamini kwa sehemu, juu nimeiona mu mwili wangu. Na kitu kinachonigusa ni kile kilichofuata. Demosthenes hakuacha kusema. Mwaka wa 330, akiwa na miaka zaidi ya 50, alisimama kujibu mashtaka ya huyo huyo Aeschines, mu kesi juu ya taji ambalo raia mumoja alipendekeza apewe. Hotuba ya siku ile inahesabiwa kuwa kubwa kuliko zake zote. Aeschines hakupata hata sehemu moja kwa tano ya kura, akaondoka Athene. Kwa hiyo Pella haikuwa hukumu ya maisha. Ilikuwa siku moja mbaya.

Wa pili yuko karibu zaidi na sisi kwa wakati. Mohandas Gandhi alizaliwa 1869, akasomea sheria ku London. Kule alikuwa mu kamati ya chama cha watu wasiokula nyama. Anaeleza mu kitabu cha maisha yake kwamba siku moja alikuwa na wazo la kutetea, akaliandika kwenye karatasi, lakini hakuwa na nguvu hata ya kulisoma. Mutu mwingine alimusomea. Alirudi India mu 1891 na diploma yake. Kesi ya kwanza aliyopewa ku Bombay ilikuwa mu korti ya kesi ndogo, malipo rupia 30. Alipaswa kuuliza mashahidi maswali. Akasimama, na kichwa kikaanza kuzunguka, akaona kama korti nzima inazunguka. Hakupata hata swali moja. Akakaa, akaambia aliyemuletea kesi kwamba hawezi, atafute avocat mwingine, akatoka haraka bila kungojea kujua matokeo. Aliamua asichukue kesi nyingine mupaka apate moyo wa kuifanya.

Mu 1893 alienda Afrika ya Kusini kwa kazi ya kesi ya mufanyabiashara mumoja. Mu njia alifukuzwa mu behewa ya kwanza ya treni ku Pietermaritzburg, sababu ya rangi ya ngozi yake. Alipofika ku Pretoria, aliita Wahindi wa muji ule mukutano, akawasemea juu ya ukweli mu biashara na juu ya hali yao kule. Yeye mwenyewe anaita hiyo hotuba ya kwanza ya maisha yake mbele ya watu. Mutu ni yule yule aliyekimbia ku Bombay. Ni nini ilibadilika? Anaandika kwamba safari hii alikuwa ametayarisha jambo lake vizuri. Mimi naongeza, kwa maoni yangu: ku Bombay alikuwa anajiangalia yeye, kama atafaa ao hatafaa. Ku Pretoria alikuwa na jambo lililozidi nafsi yake, na watu waliolihitaji.

Haya yangu yalikuja kupungua zaidi niliposoma juu ya Walter Cannon, mwalimu wa Harvard, ambaye mu 1915 alitoa kitabu juu ya mambo ambayo woga na hasira vinafanya mu mwili. Mutu akiogopa, mwili unatoa adrenalini, moyo unakimbia, tumbo linasimamisha kazi, sukari inaingia mu damu ili misuli ipate nguvu. Cannon alipima mukojo wa wachezaji 25 wa mupira nyuma ya mechi kali. Alikuta sukari kwa 12, na 5 kati ya hao hawakuingia uwanjani hata dakika moja: walikaa pembeni kama akiba. Mwili wao ulikuwa umetayarisha mechi ambayo hawakucheza. Kwa hiyo ule mukono unaotetemeka haukuambii kwamba hujui kazi yako. Mwili umeona jambo kubwa linakuja, na unakuletea mafuta. Mafuta yakikosa kazi, njo yanatetemesha.

Leo kazi yangu ni kufundisha wakulima. Kila juma nasimama mbele ya watu 30, 40, kati yao wazee waliolima mihogo mbele baba yangu azaliwe. Woga unakuja bado, kila mara. Lakini nimejipangia njia. Sentensi ya kwanza naijua kwa kichwa, hata mutu akiniamsha usiku nitaisema. Nafika mapema, nasalimia watu mumoja mumoja, ili wakati wa kusema nisikute wageni. Nabeba jani lenye ugonjwa, nalipitisha mu mikono yao, macho yaende ku jani na mafuta ya mwili yapate kazi. Na nikipoteza njia, nanyamaza kidogo, napumua polepole, nauliza: "Tulikuwa tumefika wapi?" Siku zote kuna mama anayenikumbusha. Ku défense ningeweza kuomba jury dakika moja vile vile. Sikujua kwamba inaruhusiwa.

Plutarch anaandika pia kwamba mupinzani mumoja alicheka Demosthenes, akisema hoja zake zinanuka utambi wa taa, maana alikesha akizitayarisha. Kwetu, tuliosoma na bougie wakati courant imekatika, ile haiko tusi.

Dada yangu, mémoire yako inanuka taa, niliisoma. Kilichobaki ni jua. Jumamosi hii saa nane auditoire ndogo iko wazi, nimeishaomba ufunguo. Tutakuwa watatu tu. Juma itakayofuata tutakuwa 10, na ile nyingine tutaita watu wa promotion nzima na watoto wao wapige makelele. Mimi nitakaa kwenye benchi ya nyuma na kuuliza maswali mabaya. La kwanza nakuambia tangu sasa: ni mududu gani anaeneza ugonjwa wa mozaiki ya mihogo?