Molise: Italia ya njia za kondoo

UKITAJA utalii nchini Italia, wengi hukumbuka Roma, Florence na Venice. Miji hiyo imeelemewa na wageni kiasi kwamba kuanzia Aprili 25, 2024, Venice ilianza kutoza ada ya Euro 5 kwa wageni wa kutwa katika siku zenye msongamano. Ajabu ni kwamba saa chache tu kutoka Roma vipo vijiji vinavyolia kwa kukosa watu, ambako nyumba nyingi za mawe zimefungwa makufuli mwaka mzima.

Vingi vya vijiji hivyo vimo katika mkoa wa Molise, uliotenganishwa na Abruzzo mwaka 1963 na ambao wakazi wake hawafikii 300,000. Waitaliano wenyewe wana utani kwamba Molise haipo. Kwa msafiri asiye na haraka, anayekubali kukaa siku nne au tano mahali pamoja na kutembea kwa miguu, utani huo ni mwaliko.

Utajiri wa pekee wa eneo hili ni njia za kondoo, ambazo wenyeji huziita tratturi. Kwa karne nyingi wachungaji walishuka na makundi yao kila vuli kutoka milima ya Abruzzo na Molise hadi tambarare za Puglia, kisha wakarejea milimani majira ya kuchipua. Hizo hazikuwa njia za panya. Zile kubwa zilipimwa kisheria kuwa na upana wa mita 111, na ile itokayo L'Aquila hadi Foggia ina urefu wa kilometa 244. Mwaka 1447 Mfalme Alfonso wa Aragon aliunda ofisi ya forodha iliyowatoza wafugaji kwa idadi ya kondoo na kuwagawia malisho. Kodi hiyo ilikuwa nguzo ya hazina ya Naples hadi mfumo huo ulipofutwa mwaka 1806, na jembe likaanza kuimega ardhi ya mifugo. Mwaka 2019 UNESCO iliutambua uhamishaji wa mifugo wa msimu kuwa urithi wa binadamu, kwa ombi la Italia, Ugiriki na Austria.

Mahali pazuri pa kuielewa historia hiyo ni Saepinum, magofu ya mji wa Kirumi karibu na kijiji cha Sepino. Njia ya kondoo itokayo Pescasseroli hadi Candela, yenye urefu wa kilometa 211, inaingia kwa lango moja la mji na kutokea kwa lingine. Barabara kuu ya mji ndiyo njia yenyewe. Kwenye lango linaloelekea Boiano yapo maandishi yaliyochongwa karibu mwaka 170 baada ya Kristo. Yanawaonya wakuu wa mji waache kuwasumbua wachungaji wa makundi ya Kaisari, ambao walikuwa wakikamatwa kwa madai kwamba ni watumwa watoro na kwamba wanyama wao ni wa wizi. Msomaji aliyefuatilia migogoro ya wafugaji katika nchi zetu hatahitaji mkalimani. Karne nyingi baadaye wakulima walijenga nyumba zao juu ya mabaki ya ukumbi wa michezo wa Warumi, wakifuata mviringo wake, na nyumba hizo zingali zimesimama.

Kaskazini zaidi upo mji mdogo wa Agnone, unaojulikana kwa jibini ya caciocavallo na kwa kengele za makanisa. Ukoo wa Marinelli umekuwa ukitengeneza kengele hapo kwa karne nyingi, kwa kalibu za udongo, na mwaka 1924 Papa Pius XI aliuruhusu kutumia nembo ya Papa.

Wakazi walikwenda wapi? Walifuata kazi: Marekani, Argentina, Kanada na migodi ya Ubelgiji. Katika ajali ya mgodi wa Marcinelle, Agosti 8, 1956, walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano, wengi wao wakitoka Abruzzo. Mwaka 2019 Molise ilitangaza kuwalipa Euro 700 kwa mwezi, kwa miaka mitatu, watu ambao wangehamia vijiji vyenye wakazi wasiozidi 2,000 na kuanzisha biashara.

Je, utalii utaviokoa? Inategemea ni mgeni wa namna gani. Civita di Bagnoregio, kijiji kilicho juu ya jabali kaskazini mwa Roma, kilianza kutoza kiingilio mwaka 2013 na hupokea umati mkubwa kila mwaka, lakini wakazi wake wa kudumu hawafiki hata ishirini. Anayepiga picha na kuondoka jioni huacha kiingilio, basi. Anayelala hununua mkate, mvinyo na jibini, na pengine hurudi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 inataka nyumba za wageni za mashambani, yaani agriturismo, ziendeshwe na wakulima, na kilimo kibaki kuwa shughuli kuu.

Njia ya kupendeza ya kufika ni reli ya milimani kutoka Sulmona, katika Abruzzo, hadi Isernia. Ilifunguliwa mwaka 1897 na hupita kituo cha Rivisondoli-Pescocostanzo kilicho mita 1,268 juu ya usawa wa bahari. Safari za kawaida zilisitishwa kati ya 2010 na 2011. Tangu 2014 treni za kitalii hupita kwa siku maalumu, hivyo tiketi ikatwe mapema. Siku nyingine kuna mabasi, ambayo ni machache, hasa Jumapili.

Miezi bora ni Mei, Juni na Septemba. Agosti kuna joto, ila ndipo wahamiaji hurejea na vijiji hujaa sherehe. Maduka mengi hufungwa mchana hadi saa kumi. Msafiri kutoka Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake tangu Juni 2024 ni Euro 90, basi amwombe mwenye shamba uthibitisho wa maandishi wa malazi. Njiani, akiona kondoo, apite mbali: mbwa wakubwa weupe wanaowalinda dhidi ya mbwa mwitu hawabagui mtalii na mwizi.