Nondo Mbili Chini ya Nyumba

Tosheni baa, nondo inayojisokota badala ya springi, nilijifunza kuiheshimu nikiwa Tanga, nimelala chini ya Hiace ya abiria. Fundi aliyenilea katika kazi, mzee tuliyemwita Babu, hakuruhusu mtu aguse boliti ya kurekebishia kimo kabla ya kuhesabu nyuzi zilizochomoza. Hesabu yenyewe aliiandika kwa chaki kwenye chasisi. "Nondo hii imesokotwa, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Ukiifungulia ovyo itakudai mkono."

Sasa naishi Michigan, si mbali na mji wa Pontiac, na riziki yangu ni miguu ya mbele ya gari moja tu: GMC Motorhome. Hapo Pontiac ndipo gari-nyumba hizi zilipoundwa, kuanzia modeli ya 1973 hadi ya 1978. Zote kwa jumla hazikufika 13,000.

Zama zile, gari-nyumba za Marekani nyingi zilikuwa sanduku lililobandikwa juu ya chasisi ya lori. Unapanda kwa ngazi, na upepo ukivuma ubavuni dereva anashika usukani kwa mikono miwili. Wahandisi wa General Motors wakaamua kuishusha nyumba chini. Walichukua injini, giaboksi na mpangilio wa miguu ya mbele ya Oldsmobile Toronado, gari la kifahari lililotoka 1966, la kwanza la Marekani kuvuta kwa matairi ya mbele tangu Cord ya miaka ya 1930. Kwa kuwa nguvu yote iko mbele, hakuna propela shafti inayopita chini ya sakafu, wala difu nyuma. Nyuma wakaweka matairi manne, mawili kila upande yakifuatana, na kati yake mfuko wa hewa badala ya springi. Sakafu ikashuka karibu na lami. Bodi ikawa ya alumini na faibaglasi, na vioo vipana mno kiasi kwamba ukikaa kitini barabara yote inaingia ndani. Jiko, friji, bafu, vitanda, vyote vilimo ndani ya urefu wa mita 7 au karibu 8.

Mbele ndiko kwenye kazi yangu. Ekseli inayozungusha tairi inapita pale pale ambapo springi ya koili ingekaa, kwa hiyo Toronado ilitumia nondo za kujisokota, na gari-nyumba ikazirithi. Kila upande una nondo moja ndefu iliyolala kufuata chasisi. Ncha ya mbele imechomekwa kwenye mkono wa chini wa tairi, na ya nyuma imeshikwa kwenye boriti ya chuma inayokatiza chini ya sakafu. Tairi likipanda tuta, mkono unanyanyuka na nondo inajisokota; tuta likipita, inajisokotoa. Hiace yetu ya Tanga ilifanya vivyo hivyo, ila hapa mzigo ni nyumba ya kiasi cha tani 5.

Gari lilipotoka tu, dunia ikageuka. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliizuia Marekani mafuta, na injini ya V8 ya lita 7.5 ikawa mzigo kwa mwenye nyumba. Mwaka 1977 ikaja injini ya lita 6.6, lakini modeli ya 1978 ndiyo ikawa ya mwisho. Toronado nayo ikapunguzwa umbo kwa modeli ya 1979, kwa hiyo hata chemchemi ya vipuri ikaanza kukauka. Mafundi wakageukia makaburi ya magari, wakichuna Toronado za zamani na Cadillac Eldorado za miaka ile ile, maana zilikuwa na asili moja mbele.

Nadhani hapo ndipo historia ya kweli ya gari hili inapoanzia. Kiwanda kilifunga ukurasa, wenye magari wakaendelea kuandika. Chukua beringi za mbele. Kiwandani zilijazwa grisi na kufungiwa humo. Kutia grisi mpya kulidai kung'oa hapu kwa presi, na wengi waliahirisha hadi tairi lilipoanza kulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye magari wakatoboa nafasi ya chuchu ya grisi, kazi ya siku nzima ikawa ya dakika chache. Matairi ya rimu ya inchi 16.5 yalipoadimika, wakahamia rimu za inchi 16. Bushi za mikono, boljointi, shokapu: kila kilichochakaa kilipata mtu wa kukifikiria upya.

Mwaka jana mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea ya 1976. Ilikuwa imeinama kushoto kama mtu aliyebeba ndoo. Alishabadilisha shokapu mara mbili. Niliiweka kwenye stendi, nikahesabu nyuzi. Boliti ya kushoto ilikuwa imekazwa karibu kufika mwisho, na bado upande ule uko chini. Nikafunga kifaa maalumu kinachobeba mkazo wa nondo, nikalegeza polepole, robo duru baada ya robo duru, nikisikiliza. Nondo zilipotoka nilifuta grisi ya miaka kwenye ncha zake, na herufi zikajitokeza. Ya kulia ilikuwa kushoto, ya kushoto kulia. Kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini kila moja chuma chake kimezoezwa kusokotwa upande mmoja tu. Kuna mkono uliozitoa zote mbili pamoja, ukazirudisha bila kusoma.

Za zamani hazikufaa tena. Tulipata jozi nyingine, nikaweka bushi mpya na boljointi, nikapandisha mbele kidogo kidogo, kushoto na kulia, hadi vipimo vya chasisi vikalingana. Mzee alikuwa amesimama kando na daftari lililofuata gari tangu mmiliki wa kwanza, lenye mwandiko wa watu wanne. Kila ubadilishaji wa oili umo. Kuhusu nondo hapakuwa na neno hata moja.

Nilimwomba kalamu. Nikaandika tarehe, idadi ya nyuzi kila upande, na nondo ipi imekaa wapi. Babu aliandika kwa chaki kwa sababu Hiace ile ingerudi kwake baada ya miezi mitatu. Gari hili litamwendea mtu nisiyemjua, na huenda mikononi mwa fundi ambaye bado hajazaliwa. Yeye naye ana mikono miwili.