Habari Huliwa: Modeli za Mawasiliano na Baraza la Isinya

Wazee wawili wa Kimaasai wakikutana kando ya barabara ya Namanga, pale Isinya nchini Kenya, hawaanzi na shida iliyowatoa nyumbani. Husalimiana, kisha mmoja husimulia: mvua imenyesha upande gani, ng'ombe wamehamia wapi, nani anaugua. Mwenzake huitikia "ee" kila kifungu kinapokatika, na mwitikio ukikoma, usimulizi nao husita. Baadaye zamu hugeuka. Habari hizo ni ilomon, na kwa Kimaasai habari huliwa. Sitiari hii ina uzito wa kinadharia zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa chakula hakimaliziki kwa kupakuliwa.

Kozi zetu za mawasiliano huanzia mbali na hapo. Mwaka wa 1948 Claude Shannon, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, alieleza jinsi ishara inavyotoka kwenye chanzo, ikapita katika njia yenye kelele na kufika mwisho wake. Alisema bayana kwamba maana ya ujumbe haikuhusu tatizo lake la kihandisi. Waliokuja baadaye ndio walioichukua michoro ya simu wakaifanya picha ya binadamu wakizungumza. Mwaka huohuo Harold Lasswell aliuliza nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa athari gani. Wilbur Schramm, mwaka wa 1954, akatilia mkazo mrejesho na tajiriba ambayo pande mbili zinaichangia. Dean Barnlund, mwaka wa 1970, akakataa kabisa kutenga mtumaji na mpokeaji: wote huunda maana kwa wakati mmoja.

Walimu huzipanga modeli hizi kama ngazi, ya mwisho ikiwa bora kuliko ya kwanza. Sikubaliani na mpangilio huo. Tofauti inayonishughulisha haimo katika idadi ya mishale. Imo katika swali ambalo kila modeli hulijibu kimyakimya: mawasiliano yakivunjika, nani wa kulaumiwa?

Swali hili lina uzito Isinya. Shamba la ushirika la Kitengela liligawanywa mwaka wa 1988, na tangu hapo nyanda za Athi-Kapiti zinazoizunguka Isinya zimekuwa zikikatwakatwa kwa nyua, viwanda na nyumba. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Mombasa imepita humo. Miradi ya aina hii huja na matangazo. Kanuni za Kenya za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka wa 2003 zilimtaka mwenye mradi abandike mabango, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, kisha aitishe mikutano isiyopungua mitatu na walioathirika. Mratibu wa kunakili maoni naye aliwekwa. Hapo Lasswell yupo mzima, na mrejesho wa Schramm umepewa karani na daftari.

Lakini mtu anaweza kutimiza masharti yote hayo bila mazungumzo kutokea. Kwa mantiki ya mstari, ile ya mtumaji kwenda kwa mpokeaji, ujumbe ukishafika, asiyeelewa ana kasoro yake au kuna kelele njiani. Dawa ni bango kubwa zaidi. Kwa mantiki ya kula habari, msimulizi asiyeitikiwa hajasimulia, hata akipaza sauti vipi. Baraka za wazee hulionyesha hili waziwazi: mmoja hutamka, wengine huitikia "Naai" kwa pamoja, na baraka bila kiitikio haina mwenyewe. Hili liko karibu na hoja ya James Carey, aliyetofautisha mwaka wa 1975 mawasiliano kama usafirishaji na mawasiliano kama ibada inayoidumisha jamii.

Hata hivyo, nasita kumpa Carey ushindi. Tangazo la karantini ya mifugo halihitaji kiitikio. Linahitaji kufika leo, bila kelele, na hapo Shannon anatosha. Tena duara la wazee lina mlango mwembamba. Kwa desturi wazungumzaji wake ni wanaume wa rika la wazee, na umoja wa kiitikio unaweza kuficha kwamba mke ambaye boma lake liko kwenye ardhi inayozungumziwa hakuitwa. Swali kavu la Lasswell, nani anasema, humgundua haraka kuliko nadharia yoyote ya ibada.

Ndiyo maana orodha ya mahudhurio ya mikutano ya mradi inastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko kumbukumbu zake. Kwa mratibu, sahihi na alama za vidole gumba zilizo chini ya karatasi ni ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Aliyebonyeza kidole huenda alikuwa anathibitisha tu kwamba alikuja kusikiliza, na kwamba zamu yake ya kusimulia bado.