Kabla ya Gitaa la Umeme: Bagika, Bagalu na Muziki wa Kuchanganya

Wadau, kuna hadithi tunayoipenda sana sisi vijana wa magazetini: kwamba bendi zisizo na mfadhili, zinazochanganya ngoma, gitaa na chochote kilicho karibu, ni jambo jipya, tena la Dar es Salaam. Mimi nakataa. Twendeni Usukumani, Shinyanga na Geita, halafu turudi nyuma mpaka karne ya 19.

Huko kulikuwa na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanawataja waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani mwenye dawa kali zaidi. Wafuasi wao wakaumaliza ubishi uwanjani. Baada ya mavuno, mwezi wa sita na wa saba, makundi mawili yanawekwa uwanja mmoja na yote yanapiga kwa wakati mmoja. Watazamaji wanahama tu. Kundi lenye umati mkubwa ndilo limeshinda, basi! Ndiyo maana kila ningi (yaani manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma) alitafuta dawa za kuvuta watu, na kila msimu alilazimika kuja na kitu kipya. Bugobogobo, ngoma iliyoanzia kwenye kulima, inarusha majembe hewani. Bayeye wanaingia na chatu. Ukiboa, unabaki peke yako na ngoma yako.

Na kuchanganya je? Wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walitembea hadi pwani na kurudi, na nyimbo zilitembea nao. Reli ikapita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Mgodi wa Geita ukaanza miaka ya 1930, almasi ya Mwadui ikagunduliwa 1940. Mishahara ya mwisho wa mwezi na watu wa kila kabila mahali pamoja: dansi linataka nini zaidi?

Mwaka 1959 Iddi Nhende, mtu wa Nzega, jirani kabisa na Shinyanga, aliunda Western Jazz huko Dar. Jina hilo ni Jimbo la Magharibi tu, walikotoka waanzilishi. Mtindo wao waliuita Saboso. Haikuwa bendi ya serikali wala ya chama cha wafanyakazi kama NUTA Jazz ya 1964. Ilikula kwa jasho la mlangoni. Baadaye Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ikajiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, ikatoana jasho na Msondo kugombea mashabiki wale wale. Hebu niambieni kama hiyo si Bagika na Bagalu kwa gitaa la umeme.

Kinachoniuma ni kumbukumbu. Tukiandika historia ya dansi tunategemea kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliyopigia wachimbaji baa miaka kumi bila kufika studio haimo kwenye kanda, kwa hiyo tunaandika kana kwamba haikuwepo. Siku hizi usiku wa muziki mara nyingi ni msanii mmoja anayeletwa na gari, anaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Umati uhamie wapi wakati hakuna kundi la pili?

Watunzi wa Kisukuma wapo, wanaimba kwa kinanda na gitaa, na nyimbo zao zinazunguka kwenye kadi za simu. Mmarekani Frank Gunderson alitoa kitabu mwaka 2010 chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, pamoja na majina ya watunzi. Sisi waandishi tumekuwa tukipishana Geita tangu mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, na daftari zetu zimejaa bei ya dhahabu.