Nani Anaiuliza Simu Iko Wapi?

Leo niwape historia kidogo, nikianzia kwenye kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ya simu ya watu wa bodaboda. Ukurasa wa ramani uliiuliza simu iko wapi, wa safari ukauliza, wa malipo nao ukauliza. Kila mmoja ulikuwa na msimbo wake. Betri ikawa inaisha kabla ya jioni. Mbaya zaidi, ukurasa mmoja haukujua kuacha. Nilipofungua rekodi za majaribio nikaona hadi nyumba anayolala mwendeshaji mmoja. Alikuwa amekubali nione safari zake, si kitanda chake.

Basi tuone jambo hili lilikotoka. Jeshi la Marekani lilirusha setilaiti ya kwanza ya GPS mwaka wa 1978. Mwaka wa 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Muungano wa Kisovyeti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Rais Ronald Reagan akatangaza kwamba raia nao wataitumia GPS. Hata hivyo usahihi wao ulipunguzwa makusudi hadi Mei 2000. Ulipoachiliwa, kosa la kama mita 100 likashuka hadi mita 20 hivi au chini yake.

Android ilipotoka mwaka wa 2008, simu ilikuwa na huduma moja ya mahali kwa programu zote. Unajiandikisha, unapewa, ukimaliza unajiondoa. Hapo kwenye kujiondoa ndipo wengi wetu tulipozembea! Mwaka wa 2013 Google ikatuletea huduma inayochanganya setilaiti, Wi-Fi na minara ya simu ili kuokoa betri. Mwaka wa 2017, Android 8 ikaibana programu isiyo mbele ya mtumiaji: ipewe mahali mara chache tu kwa saa. Mwaka wa 2019, Android 10 ikamwezesha mwenye simu kuruhusu wakati anaitumia programu tu.

Nami nikafuata mkondo huo. Kazi yote ya mahali nikaiweka kwenye faili moja. Kurasa zote huiuliza hiyo, nayo huhesabu wanaoihitaji. Wa mwisho akiondoka, inazima.

Rekodi zile nikazifuta, kisha nikampigia yule ndugu simu kumwambia nilichokiona. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na sasa unaniona?"

Nilifurahi kuweza kumjibu hapana. Haya, tuonane wakati mwingine.